Msajili wa domeni akizingua, nani anamkamata? ICANN ina meno kweli?

Nyavu255 #1
Wakuu, salaam. Naleta hoja, mnipinge kwa hoja. Mwenye domeni (jina la tovuti) ya .com hana mtetezi. Msajili (kampuni inayokusajilia jina) akikalia msimbo wa kuhamisha, yaani nywila ya kulipeleka jina kwa msajili mwingine, au akipokea hela ya mwaka mpya asiifikishe Verisign (rejista, mtunza orodha ya majina yote ya .com), hakuna chombo kinachomrudishia mteja haki yake moja kwa moja. ICANN, shirika linalosimamia majina ya intaneti duniani, inawapa wasajili vibali na kukusanya ada, lakini mteja akilalamika kuhusu hela yake anaambiwa hayo ni mambo yake na msajili. Na ukiufungua mkataba wa vibali kati ya ICANN na wasajili, yaani RAA wa 2013, utakuta kifungu kinachosema wazi kwamba mtu asiye sehemu ya mkataba hapati haki yoyote chini yake. Mkataba unaandika habari zako, ila wewe huwezi kuudai.

Swali: udhaifu uko wapi hasa? Kwenye mkataba, kwenye hela, au kwa wateja wenyewe?

Kipanga_Mweusi #2
Naweka kambi hapa. Chai ipo.

MzeeWaDNS #3
Huwezi kujadili hili bila RegisterFly. Kampuni ya New Jersey. Mwanzo ilikuwa wakala tu, inauza kupitia kibali cha msajili mwingine, eNom, halafu ikanunua kampuni ndogo iliyokuwa tayari na kibali na kwa njia hiyo ikawa msajili kamili. Haikupita mlango wa mbele. Kufika mwanzo wa 2007 wamiliki wanashtakiana mahakamani, akaunti zao kwa rejista hazina salio, wateja wanakatwa hela kwenye kadi na domeni zinaisha muda vilevile.

Angalia hapo jambo lilivyoharibika. Msajili anaweka hela mapema kwa rejista, na kila jina linapolipiwa salio linapungua. Salio likiwa sifuri, amri ya kulipia jina inakataliwa, hata kama paneli ya mteja inaonyesha "umelipa". Mteja anaona risiti, rejista haina habari.

ICANN ilitoa notisi ya kufuta kibali Machi 2007, ikalazimika kwenda mahakama ya shirikisho California ili ipewe data za wateja. Mei 2007 majina kama 850,000 yakahamishiwa kwa msajili GoDaddy kwa mkupuo.

BintiRufiji #4
Mzee shikamoo. Umeruka kiungo kikubwa: wajibu wa kuweka amana ya data (nakala ya rekodi za wateja kwa mtunzaji wa nje) ulikuwemo kwenye mkataba miaka kadhaa kabla ya hapo. ICANN haikuwa imeusimamia. Mfumo wa amana kupitia kampuni ya Iron Mountain ulianza kufanya kazi baada ya RegisterFly kuanguka, mwaka huohuo 2007. Kwa hiyo kanuni ilikuwepo kwenye karatasi, msimamizi ndiye alikuwa amelala.

Na walioumia zaidi ni wale waliolipia kufichwa majina kupitia huduma yao ya ProtectFly. Rekodi ilionyesha ProtectFly ndiye mwenye jina. Msajili akianguka, utathibitishaje kwamba ni lako? Mkataba wa 2013 sasa unataka data halisi ya aliyefichwa iwekwe amana pia, kama huduma hiyo ni ya msajili mwenyewe au kampuni tanzu yake. Ukitumia kampuni ya nje kukuficha, hilo halikufuniki. Bodi ya ICANN ilipitisha mwaka 2016 mpango wa kuwapa vibali hawa wafichaji, utekelezaji ukakwama.

Mpiga_Kamba #5
ICANN si ofisi ya serikali ya Marekani tu hiyo? Mnategemea nini? Andikeni barua kwa balozi 😂

Nyavu255 #6
@Mpiga_Kamba jina lako linakutosha. ICANN ni shirika lisilo la faida la California, limeanzishwa 1998. Serikali ya Marekani ilikuwa na mkataba nao wa kazi za IANA (ugawaji wa namba na majina ya juu ya intaneti), ukaisha 1 Oktoba 2016. Tangu hapo hakuna serikali moja iliyo juu yake.

Mpiga_Kamba #7
Sawa, nimeelewa. Kwa hiyo sasa hakuna aliye juu yake kabisa. Ndiyo nafuu hiyo?

Ngalawa #8
Mnazunguka mbuyu. Fuateni hela. Msajili analipa ICANN ada ya mwaka dola 4,000, na juu yake senti 18 kwa kila jina kwa kila mwaka, iliyopanda kuwa senti 20 Julai 2025. Ndiyo ile mstari mdogo unaoiona kwenye risiti. Sehemu kubwa mno ya mapato ya ICANN inatoka kwa rejista na wasajili. Mwenye nyumba hamfukuzi mpangaji anayelipa kwa wakati eti jirani kalalamika. Wakubwa wachache wana mamilioni ya majina. Nani atathubutu kuwagusa? Angalia waliofutiwa vibali: wengi ni wale ambao pia wameacha kulipa ada.

MzeeWaDNS #9
@Ngalawa nusu ya hoja yako naikubali, nusu siikubali. Kutolipa ada kunaonekana mara nyingi kwenye notisi kwa sababu msajili anayekufa huacha kulipa kila mtu, na ndilo kosa rahisi kuthibitisha. Halihitaji ushahidi wa mteja.

Tatizo naliona kwenye vifaa walivyonavyo ICANN. Mlolongo wenyewe: kwanza maulizo ya kimyakimya, msajili anapewa nafasi ya kujibu. Akikaidi, inatoka notisi ya uvunjaji wa mkataba hadharani na siku 21 za kurekebisha. Asiporekebisha, anasimamishwa kwa muda usiozidi miezi 12, au kibali kinafutwa kwa notisi ya siku 15. Kwenye mkataba zipo adhabu nyingine lakini kivitendo chaguo ni mawili, kumwonya au kumuua. Ukimuua, wateja wake ndio wanaohama usiku. Kwa hiyo wanasita, na kila siku wanayosita ni siku ya mteja.

Msajili Net 4 India ndiye kielelezo. Ilikuwa tayari kwenye kesi ya ufilisi Delhi. Malalamiko yalirundikana 2020: majina yanaisha, misimbo haitolewi, simu hazipokelewi. Februari 2021 ICANN ikatoa notisi ya kufuta kibali, mahakama ya ufilisi ya India ikasema subiri kwanza. Majina yalikuja kuhamishiwa kwa msajili mwingine, PublicDomainRegistry, mwaka huo. Hapo ICANN ilikuwa na nia na sababu, ila mkono wa mahakama ya nchi ulikuwa mrefu zaidi.

Jirani254 #10
Niaje wadau. Mnaongea ICANN na msajili kana kwamba watu wa huku hununua kwa msajili. Nairobi, Dar, Kampala, mtu ananunua .com kwa kampuni ya hosti (inayohifadhi tovuti), na kampuni ya hosti ni wakala wa msajili aliyeko India, Marekani au Ulaya. Wakala hana kibali cha ICANN. Hajawahi kusaini chochote nao. Mkataba unasema msajili ndiye anayebeba wajibu wa wakala wake, lakini mteja hata hajui jina la huyo msajili.

Kwa hiyo kabla ya kulalamika popote: fungua lookup.icann.org, weka jina lako, soma sehemu ya Registrar na namba yake ya IANA. Huyo ndiye wa kumwandikia. Ukimlalamikia wakala kwa ICANN, fomu itarudi. Andika kwa msajili kwa barua pepe ileile iliyoko kwenye rekodi ya umiliki, taja tarehe uliyoomba msimbo kwa wakala, ambatisha tiketi. Wasajili wengi wana dawati la kushughulikia wateja wa wakala aliyetoweka, na wanaweza kukufungulia akaunti ya moja kwa moja. Ila watakuuliza swali moja: jina lililoandikwa kwenye rekodi ni lako?

BintiRufiji #11
Na hapo ndipo wengi wanapokwama. Fundi wa tovuti alisajili kwa jina lake na barua pepe yake, mteja akapewa tovuti tu. Kwa kanuni za ICANN, aliyeandikwa kwenye rekodi ndiye mwenye jina. Risiti ya M-Pesa haibadilishi hilo. Msajili hatakupa, na hana kosa.

Kwa hiyo kwa swali la mtoa mada, mimi nasema robo tatu ya maumivu ya huku hayana uhusiano na ICANN. Siku unaponunua, sehemu ya Registrant (mwenye jina) iwe na jina la biashara yako na barua pepe unayoishika wewe, tena isiwe ya domeni hiyohiyo. Ukiweka info@ ya jina lenyewe, siku jina linazimwa, barua ya kuokoa jina inatumwa kwenye sanduku lililozimwa nalo.

Ngalawa #12
@BintiRufiji dada, unamgeuzia kibao mteja. Kama asilimia hiyo unayotaja ina chanzo, kiweke.

BintiRufiji #13
Robo tatu ni namna ya kusema, kiongozi. Hoja iko palepale.

Kipanga_Mweusi #14
Chai imeisha, naleta karanga.

SevaYaUani #15
Niongeze kitu ambacho watu hawakijui kuhusu kuhakiki kama hela imefika. Kwa .com, siku muda unapoisha rejista yenyewe inaongeza mwaka mmoja moja kwa moja, na kumkata msajili. Ukiangalia rekodi ya Verisign siku mbili baada ya kuisha utaona tarehe imesogea mwaka mzima, unafurahi, kumbe hujalipiwa. Msajili ana hadi siku 45 za kulifuta jina na kurudishiwa hela yake.

Dalili ni neno autoRenewPeriod kwenye sehemu ya hali (status) ya jina kwenye rekodi. Likiwepo, mwaka huo ni wa kukopesha. Rekodi ya msajili mwenyewe, ambayo iko tofauti na ya rejista, ndiyo itaonyesha tarehe ya zamani. Njia ya uhakika: lipia wiki nne kabla, halafu siku hiyohiyo angalia tarehe ya rejista. Ikisogea kabla ya siku ya kuisha, hela imefika, hapo hapana ubishi. Isiposogea ndani ya siku mbili tatu, anza kuomba msimbo wa kuhamisha ukiwa bado na muda.

Mpiga_Kamba #16
Lakini si kuna siku 45 za neema kwa mteja? Kila kampuni ya hosti inasema.

SevaYaUani #17
Hapana. Hizo 45 ni za msajili na rejista. Sera ya kuokoa majina yaliyoisha, iliyoanza 31 Agosti 2013, inamtaka msajili akukumbushe karibu mwezi mmoja kabla, karibu wiki moja kabla, na tena ndani ya siku tano baada ya kuisha. Kisha kabla ya kulifuta alizime jina (tovuti na barua pepe zisifanye kazi) kwa siku nane mfululizo ili ushtuke. Basi. Haikuandikwa popote kwamba lazima akupe 45 zote. Akilifuta, hapo ndipo unapata siku 30 za kukomboa, na bei ya kukomboa ni ya msajili, mara nyingi mara kadhaa ya bei ya kawaida. Baada ya hapo siku tano za pendingDelete (linasubiri kufutwa), ambazo hakuna awezaye kuligusa.

Na kuna mchezo ulio halali kimkataba: msajili halifuti kabisa. Analipeleka mnadani ndani ya zile siku 45, anabadilisha mwenye jina, na ile hatua ya siku 30 haifikiwi. Ruhusa uliitoa mwenyewe ulipobonyeza "nakubali". Hapa ndipo usimamizi ulipo dhaifu kweli kwa maoni yangu, maana sera imeacha mwanya upana wa lango.

Nyavu255 #18
@SevaYaUani asante, hiyo ya autoRenewPeriod nilitaka niiseme. Tuje kwenye msimbo wa EPP, yaani ule wa kuhamisha. Msajili akikataa, anaruhusiwa?

MzeeWaDNS #19
Kama paneli haina kitufe cha kuutoa, ana siku tano za kalenda tangu umuombe, na ndani ya hizo aondoe pia kufuli la kuzuia kuhama, clientTransferProhibited. Sababu za kukataa zimeorodheshwa: ushahidi wa ulaghai, kesi ya UDRP (mgogoro wa jina na alama ya biashara) inayoendelea, amri ya mahakama, shaka ya msingi juu ya utambulisho wako, deni la kipindi cha usajili kilichopita, au jina halijatimiza siku 60 tangu lisajiliwe au lihamishwe.

Deni la hosti halimo. Deni la kutengeneza tovuti halimo. Wala hawezi kukulazimisha ulipie mwaka ujao ndipo akuachie. Wakala wengi huku hutumia domeni kama rehani ya deni la hosti, na hilo sera ya kuhama inalikataza. Hili ni moja ya mambo machache ambayo lalamiko la ICANN lina nguvu kweli, kwa sababu lina tarehe na siku za kuhesabu. Weka picha ya ombi la msimbo, tarehe, jibu lao au ukimya wao, siku tano zikapita. Usiandike insha ya hasira, wala usitaje kurudishiwa hela, kwa sababu hela haiwahusu na mtu anayesoma ataifunga faili.

Jirani254 #20
Ongeza hapo: ukibadilisha barua pepe ya mwenye jina, unafungiwa siku 60. Watu hujifunga wenyewe.

MzeeWaDNS #21
Karibu sawa. Jina la mtu, shirika au barua pepe ikibadilika, kufuli la siku 60 linafuata, lakini msajili anaruhusiwa kukupa chaguo la kulikataa *kabla* ya badiliko. Ukishabadilisha, umechelewa. Kwa hiyo hama kwanza, badilisha baadaye.

Ngalawa #22
Mnasifia kufuli, lakini kuhama kwenyewe kumelegezwa. Tangu sheria ya data ya Ulaya ianze 25 Mei 2018 rekodi zimefichwa, na msajili mpya halazimiki tena kumwandikia mwenye jina kupata idhini pale ambapo data yake haionekani. Mwenye msimbo ndiye mwenye jina. Msajili wa zamani anatuma taarifa; usipojibu ndani ya siku tano, jina limeenda. Kimya chako ni ndiyo.

BintiRufiji #23
Hata zamani idhini hiyo haikuzuia kitu. Januari 2005 panix.com, mtoa huduma wa intaneti wa New York, jina lake lilihamishwa kutoka kwa msajili Dotster kwenda kwa msajili Melbourne IT wa Australia bila mwenyewe kujua. Wakala wa Melbourne IT ndiye aliyepitisha ombi bila idhini. Ilikuwa wikendi, ofisi imefungwa, wateja wote wa Panix barua pepe zao zinakwenda kusikojulikana. Baadaye sana ndiyo ikaletwa kanuni ya kila msajili kuwa na namba ya dharura ya kujibu ndani ya saa nne. Lakini namba hiyo ni kwa wasajili wenzao, rejista na ICANN. Mteja haipigi.

Nyavu255 #24
Kwa hiyo tena tunarudi kwa wakala. Na huko ndiko kusiko na kibali.

SevaYaUani #25
Kuna upande wa pili hamjaugusa. Usimamizi ukikazwa, unamkaba mteja. Mkataba wa 2013 ulileta uhakiki wa barua pepe: usipobonyeza kiungo ndani ya siku 15 msajili anatakiwa ahakiki kwa mkono au azime jina, na wengi huzima maana ndiyo rahisi. Ukiona clientHold (msajili amelizima jina) na tovuti imezimika ghafla wakati umelipa, angalia hilo kwanza, hata kwenye sanduku la takataka (spam). Halafu Aprili 2024 yakaanza marekebisho ya mkataba ya kuwataka wasajili wachukue hatua dhidi ya majina ya utapeli, kuvuna nywila na virusi. Nia njema. Lakini tovuti ya WordPress iliyodukuliwa na kuwekewa ukurasa wa kuiba nywila inaonekana sawa na domeni ya tapeli. Msajili mwenye woga anazima kwanza, na mkataba haukumpa mteja hatua ya kukata rufaa.

Kwa hiyo ICANN ina meno. Swali ni yanamuuma nani.

Mpiga_Kamba #26
Suluhisho jepesi: chukueni .co.tz, muachane na Wamarekani.

Jirani254 #27
Hapo unabadilisha msimamizi, humuondoi. Mkataba wa RAA hauna kazi kwenye .tz wala .ke. Kule rejista ya nchi yenyewe, kama KeNIC ya Kenya, ndiyo inayowapa wasajili vibali na kuweka kanuni, na msimamizi ni mamlaka ya mawasiliano ya nchi, kwa Tanzania ni TCRA. Faida ni kwamba ofisi ipo, unaweza kufika na barua ya usajili wa kampuni mkononi. Hasara ni kwamba zile siku tano, siku nane, siku 30 tulizozitaja hapa usizihesabu huko. Soma kanuni za rejista husika.

Na nchi ikikabidhi herufi zake (mwisho wa jina, kama .tz) kwa mtu vibaya, ndiyo balaa kabisa. Freenom ya Uholanzi iligawa bure .tk, .ml, .ga, .cf na .gq. Machi 2023 kesi ya Meta (wenye Facebook) dhidi yao ikawa hadharani, Gabon na Mali zikachukua herufi zao mwaka huohuo, na Gabon ilipochukua, mamilioni ya majina ya .ga yakafutwa. ICANN ilikuja kufuta kibali cha kampuni yao ya usajili, OpenTLD, Novemba 2023, lakini hicho kibali ni cha .com na wenzake. Kwenye .tk haikuwa na sauti.

Kipanga_Mweusi #28
.ml ndiyo ile barua pepe za jeshi la Marekani zilikuwa zinapotelea Mali kwa kukosea herufi moja ya .mil? Aisee.

Jirani254 #29
Ndiyo hiyo. Uzi wake mwingine, tusitoke nje.

Ngalawa #30
Narudi kwenye hela kwa mara ya mwisho. Bei ya jumla ya .com kwa Verisign ilipanda kuwa dola 10.26 Septemba 2024, ongeza senti 20 za ICANN. Anayekuuzia kwa dola tatu mwaka wa kwanza anakula hasara, na atairudisha mahali: mwaka wa pili, ada ya kukomboa, au mnada. Mkiona bei chini ya jumla msiseme hamkuambiwa.

MzeeWaDNS #31
Au anairudisha kwenye hosti, ambayo ni halali kabisa. Si kila punguzo ni mtego, @Ngalawa.

Nyavu255 #32
Swali la mwisho kabla sijalala: mtu amelipia siku kumi baada ya jina kuisha, sasa anataka kuhama wiki hii. Anapoteza kitu?

SevaYaUani #33
Anaweza kupoteza mwaka aliolipia. Akihama ndani ya zile siku 45 baada ya tarehe ya kuisha, rejista inauondoa mwaka ulioongezwa wenyewe na kumrudishia msajili wa zamani hela yake. Msajili mpya anaongeza mwaka wake mmoja kama kawaida. Mteja amelipa mara mbili, amepata mwaka mmoja, na msajili wa zamani halazimiki na ICANN kumrudishia. Asubiri siku ya 46 ihesabiwe tangu kuisha, si tangu kulipa.

Ngalawa #34
Si nilisema fuateni hela?

BintiRufiji #35
Inategemea amri aliyotuma msajili, @SevaYaUani. Kama alituma amri ya kulipia waziwazi kabla muda haujaisha, mwaka unabaki. Huyu wa @Nyavu255 amelipa baada, kwa hiyo wengi wao hawatumi amri yoyote, wanauacha ule wa moja kwa moja uendelee. Amuulize msajili wake kwa maandishi ametumia ipi.